Familia ya Nani? Born Free Ikitazamwa Kutoka Sangailu

Wanaopima uwakilishi katika filamu za zamani huanza kwa kuhesabu sura: Waafrika wangapi wanaonekana, na kwa muda gani. Kwa kipimo hicho Born Free (1966), iliyoongozwa na James Hill, haianguki. Peter Lukoye aliyeigiza Nuru na Omar Chambati aliyeigiza Makkede wako karibu na simba Elsa tangu akiwa mchanga, na Nuru kapewa upole ambao filamu nyingi za enzi hizo hazikumpa mtumishi. Hilo silikatai.

Lakini hii ni filamu ya familia, na hapo ndipo ninapotaka ipimwe. Familia yake ni Joy na mumewe George Adamson, pamoja na Elsa wanayemlea. Je, Nuru ana mke? Makkede katoka kwa nani? Hatuambiwi. Simba anafiwa na mama, analelewa, anatafutiwa mwenzi, anarudi na watoto wake. Wanaume wanaomlisha hawana ukoo. Mwanzoni kabisa mwanamke anayefua mtoni anauawa na simba. Hajatajwa jina, wala kamera haiwafuati waliobaki kwao wakimlilia. Kifo cha mama yake Elsa ndicho kinachobeba hadithi nzima.

Mtazamaji wa Sangailu huliona pengo hili upesi. Sangailu iko kusini mwa Garissa, upande wa msitu wa Boni, na ng'ambo ya msitu huo, pwani, ndiko Kiunga, kijiji cha Wabajuni ambako akina Adamson wanakwenda kwa sababu ya simba anayewasumbua wenyeji. Kwa mfugaji, simba akivunja boma la miiba usiku, asubuhi huhesabiwa mbuzi waliobaki, na pamoja nao maziwa ya watoto na karo ya shule. Katika filamu, tunachokumbuka Kiunga ni Elsa akicheza na mawimbi.

Kuna pia suala la mahali penyewe. George Adamson alikuwa askari mkuu wa wanyamapori katika NFD, yaani wilaya za mpaka wa kaskazini mwa Kenya, Garissa ikiwemo, ila sehemu kubwa ya filamu ilipigwa Naro Moru, chini ya Mlima Kenya. Ilipokuwa ikitengenezwa, NFD halisi ilikuwa katika hali ya hatari iliyotangazwa Desemba 1963, na vita vya Shifta, vya waasi waliotaka eneo hilo lijiunge na Somalia, viliendelea hadi 1967. Na tangu ukoloni, wilaya hizo zilifungwa kwa sheria: kuingia na kutoka kulihitaji kibali. Uhuru unaotajwa katika jina la filamu alipewa mnyama wakati wenyeji wa nchi hiyo hiyo wakiukosa.

Wapo watakaosema tunaihukumu kazi ya 1966 kwa macho ya leo. Sidhani. Wafugaji walikuwapo wakati huo, na walikuwa na la kusema kuhusu wanyama hao. Sauti yao ilifika hadi mahakamani: mwaka 1996 watu wa Garissa, Abdikadir Sheikh Hassan akiwa miongoni mwao, walikwenda Mahakama Kuu kupinga Shirika la Huduma kwa Wanyamapori kuwahamisha swala aina ya hirola kutoka kwao. Baadaye, huko huko Garissa, katika eneo la Ijara, jamii ikatenga ardhi yake ya Ishaqbini kwa ajili ya swala huyo, na mwaka 2012 hirola 48 wakaingizwa ndani ya uzio wa kuwakinga na simba.