Mtihani wa vitendo unaomsubiri muuguzi wa Kenya ng'ambo

WAUGUZI wa Kenya wanaosaka ajira ng'ambo hukabiliwa na ukweli mmoja mgumu: leseni ya Nairobi haivuki mpaka. Muuguzi aliyesomea Maua au Nkubu, akafaulu mtihani wa Baraza la Wauguzi la Kenya na kuhudumu wodini kwa miaka kumi, hulazimika kutahiniwa upya kabla ya kuruhusiwa kumgusa mgonjwa katika nchi ya watu. Kwa wanaoelekea Uingereza, mtihani wa mwisho ni wa vitendo, nao hufanywa baada ya mhusika kuacha kazi, kukopa nauli na kuiaga familia.

Suala hili lina uzito katika sehemu kama Kianjai, Tigania Magharibi, kwenye barabara ya kutoka Meru kuelekea Maua. Kijana wa hapa hahitaji kwenda mbali kusomea uuguzi. Kuna chuo cha hospitali ya Kimethodisti ya Maua, Chuo cha Mafunzo ya Matibabu (KMTC) mjini Meru, Consolata Nkubu na, kwa anayevuka hadi Tharaka Nithi, Chogoria. Ugumu huanza baada ya kufuzu, kwani kaunti huajiri wachache huku zahanati zikilia uhaba wa wahudumu. Isitoshe, Uingereza ilipopiga marufuku miraa mnamo Juni 2014, kaya nyingi za Nyambene zilipoteza soko lililokuwa likilipa karo. Miaka saba baadaye, nchi hiyo hiyo iliwafungulia mlango wauguzi.

Mkataba wa 2021

Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa wahudumu wa afya mnamo Julai 2021, wakati wa ziara ya Rais Uhuru Kenyatta jijini London. Lengo lilikuwa kuwapa nafasi wauguzi waliohitimu lakini wakakosa ajira humu nchini. Novemba mwaka huo, Uingereza iliiweka Kenya katika kundi la nchi ambazo waajiri wake huruhusiwa kuajiri kwa kufuata masharti ya mkataba wa serikali pekee. Kundi la kwanza la wauguzi 19 lilisafiri Juni 2022 kwenda kuhudumu katika hospitali za Oxford.

Kizingiti cha kwanza kilijitokeza mapema. Waziri wa Afya wa wakati huo, Bw Mutahi Kagwe, alifichua mnamo Novemba 2021 kwamba kati ya watahiniwa 300 waliofanya mtihani wa lugha ya Kiingereza, 10 pekee ndio waliofaulu. Tangazo hilo liliwashangaza wengi, kwa kuwa Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia katika vyuo vyetu. Hata hivyo, mtihani huo una taratibu zake za kuandika hoja na kusikiliza kwa makini ambazo hazifundishwi wodini. Anayechagua mtihani wa IELTS huhitaji alama 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika.

Hatua mbili za umahiri

Baada ya lugha, Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uingereza, NMC, humpima mwombaji kwa hatua mbili. Ya kwanza ni mtihani wa kompyuta ambao huweza kufanywa kabla ya kusafiri. Una sehemu ya hesabu, kama vile vipimo vya dawa na kasi ya dripu, na sehemu ya nadharia ya uuguzi.

Hatua ya pili ni mtihani wa vitendo unaojulikana kwa herufi OSCE. Huu hufanywa Uingereza pekee, na tangu Agosti 2021 una vituo 10. Vituo vinne hufuata kisa cha mgonjwa mmoja: kupima hali yake, kupanga huduma kwa maandishi, kuitekeleza huduma hiyo, kisha kuitathmini. Vituo vingine vinne hupima stadi za mkono kama kudunga sindano ya msuli, kufunga kidonda bila kukichafua, kutoa mpira wa mkojo au kumfufua aliyezimia. Viwili vya mwisho ni vya maandishi, kimoja kuhusu maadili ya kazi na kingine kuhusu matumizi ya matokeo ya utafiti katika huduma.

Katika baadhi ya vituo mgonjwa ni mwigizaji, na katika vingine ni sanamu la mazoezi. Mtahini husimama kando na orodha yake, akitia alama kila tendo alilopaswa kuliona na kila neno alilopaswa kulisikia.

Kwa nini wenye uzoefu huanguka

Hapo ndipo penye siri ya mtihani huu. Ujuzi ulio kichwani hautoshi, kwani mtahini hutoa alama kwa kile tu kilichoonekana na kusikika. Muuguzi mkongwe akimtazama mgonjwa hutambua kwa kutupa jicho kwamba anapumua kwa shida. Asipotamka kwamba anahesabu pumzi kwa dakika nzima, na asipoandika idadi hiyo kwenye chati, hapati alama.

Wodi zetu hujenga tabia tofauti. Muuguzi mmoja anayehudumia wagonjwa wengi hujifunza kufupisha: hunawa haraka, husoma jina kwenye faili badala ya kumwomba mgonjwa alitaje, na hutoa dawa akijua tayari nani anameza nini. Huo si uzembe, bali ni njia ya kuwafikia wote kabla ya zamu kuisha. Katika chumba cha mtihani, ufupisho huo ndio unaomwangusha. Asiyeuliza kuhusu mzio kabla ya kutoa dawa huweza kufeli kituo kizima, hata kama mengine yote ameyatenda vyema.

Jingine ni mazungumzo. Mtahiniwa hutarajiwa kujitambulisha, kueleza anachotaka kufanya na kuomba idhini kabla ya kumgusa mgonjwa, hata kama mgonjwa huyo ni sanamu la plastiki. Kwa mtu aliyezoea kutii amri za daktari na kutenda kimya, kuzungumza na sanamu huonekana mzaha. Lakini kwa mtahini, ukimya ni pengo.

Kwa hivyo, maandalizi bora si kusoma vitabu zaidi. Ni kurudia kila stadi kwa sauti, mbele ya mwenzako aliyeshika orodha ya alama, hadi hatua zifuatane bila kusitasita. Vituo vya mtihani huchapisha bila malipo vijitabu vya maelezo na mifano ya maswali kwenye tovuti zao. Muuguzi aliye Kianjai anaweza kuanza mazoezi hayo miezi kadhaa kabla ya kupata viza.

Gharama na muda

Kufikia 2024, ada za NMC zilikuwa pauni 140 za kukagua vyeti, 83 za mtihani wa kompyuta, 794 za mtihani wa vitendo na 153 za usajili. Jumla yake ni pauni 1,170, yaani karibu Sh200,000, bila kuhesabu mtihani wa lugha, viza na nauli. Hospitali nyingi za umma za Uingereza hulipia sehemu ya gharama hizi, lakini mara nyingi mkataba humtaka muuguzi arejeshe pesa hizo akiondoka mapema. Kifungu hicho kisomwe kabla ya kutia saini.

Mtahiniwa ana nafasi tatu kwa kila ombi. Aliyefeli vituo saba au pungufu hurudia hivyo tu kwa pauni 397, ilhali aliyefeli vinane au zaidi hulipa ada yote upya. Akianguka mara ya tatu, husubiri miezi sita kabla ya kutuma ombi jipya. Wakati huo huo, masharti ya viza yanamtaka awe amesajiliwa ndani ya miezi minane tangu aanze kazi. Kwa hivyo, anayeanguka mara tatu huhatarisha kazi na kibali cha kuishi kwa pamoja, na deni alilokopa nyumbani halimsubiri.

Njia ya mkato nayo ina hatari yake. Mnamo 2023, NMC ilitangaza kwamba imegundua dalili za udanganyifu katika kituo kimoja cha mtihani wa kompyuta jijini Ibadan, Nigeria. Mamia ya wauguzi walijikuta wakichunguzwa, wakiwemo waliokuwa tayari kazini Uingereza.

Nchi nyingine

Ujerumani, iliyotia saini mkataba wa uhamiaji na Kenya jijini Berlin mnamo Septemba 13, 2024, hudai Kijerumani cha kiwango cha B2. Muuguzi ambaye masomo yake yamepatikana na mapengo huchagua ama kipindi cha mafunzo ya ziada ama mtihani wa mdomo na vitendo, ambapo sehemu iliyofeliwa hurudiwa mara moja tu. Marekani haina sehemu ya vitendo: mtihani wake, NCLEX-RN, hufanywa kwa kompyuta na una maswali kati ya 85 na 150. Mataifa ya Ghuba kama Saudi Arabia hutegemea mtihani wa kompyuta pamoja na uhakiki wa vyeti.

Tukumbuke kuwa hata Kenya haimpi leseni muuguzi aliyesomea nje bila kumtathmini kwanza. Kila taifa hulinda wagonjwa wake.

Kuhusu mawakala, kanuni za Uingereza zinakataza kumtoza muuguzi ada ya kutafutiwa kazi. Wakala anayedai malipo hayo anavunja kanuni hizo, hata akiwa na ofisi ya kupendeza. Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira ndiyo inayotoa leseni kwa mawakala humu nchini, na orodha yao iko wazi kwa umma. Anayekusudia kusafiri aikague orodha hiyo kabla ya shamba kuuzwa, kisha atafute mwenzake wa kumshikia orodha ya alama na aanze mazoezi.