Wokovu kwa Wote: Kutoka Mkunazini hadi Chitangali

Agosti 1864, Askofu William Tozer na Padri Edward Steere wa misheni ya UMCA waliteremka Unguja. Haukupita muda, Sayyid Majid akamkabidhi askofu wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao alikuja kuitwa John Swedi. Fundisho walilolikuta kwa walezi wao lilikuwa jepesi kutamkwa: wokovu hauulizi nasaba, na kama Paulo alivyowaandikia Wagalatia, mtumwa na muungwana ni hali moja mbele ya Kristo.

Ama mji uliowazunguka ulipima watu kwa mizani nyingine. Palikuwa na muungwana, palikuwa na mtumwa, na palikuwa na yule wa bara aliyeitwa mshenzi. Si kwamba usawa mbele ya Mola ulikuwa habari mpya Unguja. Safu za msikitini zilikuwa zikiufundisha karne nyingi kabla ya Tozer. Tatizo, msikitini na kanisani, lilianzia mlangoni, mtu anapotoka.

Soko la watumwa lilifungwa Juni 1873, na Krismasi ya mwaka huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa pale pale Mkunazini. Wageni wengi husimulia habari hii wakaishia hapo. Lakini jengo ni ushahidi mwepesi. Swali zito ni jingine: ikiwa neema hutolewa sawa kwa wote, ni nani atakayeruhusiwa kuigawa?

Swedi alifanywa shemasi 1879, upadri hakuupata. Aliyeupata ni Cecil Majaliwa, Myao aliyepitia utumwa utotoni, akasomeshwa Kiungani na kisha Canterbury. Mwaka 1886 alipelekwa Chitangali, nchi ya Wayao upande wa Ruvuma, na 1890 Askofu Smythies akampa upadri, wa kwanza kwa Mwafrika katika misheni ile. Huko mizani ya mji ilipinduka: watu huru, na mkuu wao Nakaam miongoni mwao, walifundishwa dini na mtu aliyewahi kuwa mali ya mwingine.

Alidumu Chitangali hadi 1897, kisha akarejeshwa Unguja. Uaskofu haukumfikia. Askofu wa kwanza Mwafrika wa Kianglikana katika Tanganyika, Yohana Omari, aliwekwa wakfu 1955.