Waislamu wa Marekani: wengine njia yao ilipita huku kwetu

Mtu wa Wesha akisikia “Muislamu wa Marekani”, wa kwanza kumjia kichwani huenda ni bondia Muhammad Ali. Baada yake labda Mwarabu mwenye duka New York. Mambo ni mapana zaidi ya hapo, na sehemu ya habari yenyewe inaanzia Kampala, Mombasa na Barawa.

Kituo cha utafiti cha Pew kilikadiria mwaka 2017 kuwa Waislamu wa Marekani ni milioni 3.45, kama asilimia moja ya watu wa nchi hiyo. Ni karibu mara mbili ya watu wote wa Zanzibar, waliofikia milioni 1.89 kwenye sensa ya 2022. Hakuna asili moja inayofika nusu yao: wapo wa kutoka Asia, Waarabu, Walatino, na kama mmoja kati ya watano ni mtu mweusi.

Na hao weusi si wageni kule. Omar ibn Said, msomi kutoka Futa Toro, Afrika Magharibi, alitekwa mwaka 1807 akapelekwa utumwani Charleston. Mwaka 1831, akiwa bado mtumwa North Carolina, aliandika habari za maisha yake kwa Kiarabu. Andiko linaanza na Suratul Mulk, sura ambayo watoto wa chuoni Pemba wanaijua. Leo limehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani.

Meya aliyezaliwa Kampala

Zohran Kwame Mamdani alizaliwa Kampala mwaka 1991. Jina la Kwame alipewa kwa heshima ya Kwame Nkrumah. Baba yake, Profesa Mahmood Mamdani, alifukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972 pamoja na Waasia wengine, kisha akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mama yake, mtengeneza filamu Mira Nair, anatoka familia ya Kihindu. Zohran mwenyewe ni Shia Ithnaasheri.

Novemba 2025 alichaguliwa meya wa New York, Muislamu wa kwanza kushika kiti hicho, na akaapa kwa Kurani Januari 1, 2026. Lakini kabla ya hapo mbunge mmoja wa Republican alitaka avuliwe uraia.

Wakati wa kampeni, nje ya msikiti wa Bronx, alisimulia kuwa baada ya Septemba 11, 2001 shangazi yake aliacha kupanda treni za chini ya ardhi, kwa sababu hakujiona salama akiwa na hijabu. Wapinzani wakachimba, wakadai hakuwa na shangazi kama huyo. Akafafanua: ni binamu wa baba yake. Pemba hilo wala lisingekuwa swali. Binamu wa kike wa baba ni shangazi, basi.

Kutoka kambi ya Utange

Ilhan Omar alikimbia vita vya Somalia akiwa mtoto, akaishi miaka kama minne katika kambi ya Utange, karibu na Mombasa. Mwaka 2018 yeye na Rashida Tlaib, mwenye asili ya Palestina, walikuwa wanawake wa kwanza Waislamu kuchaguliwa Bungeni Marekani.

Tatizo likawa mtandio. Tangu 1837 kanuni ilikataza mtu kuvaa kitu kichwani ndani ya ukumbi wa Baraza la Wawakilishi. Januari 2019 kanuni ikabadilishwa ili vazi la dini liruhusiwe, akaingia na mtandio wake. Minneapolis, mji anaouwakilisha, mwaka 2023 uliruhusu adhana kwa vipaza sauti mara tano kwa siku mwaka mzima, pamoja na ile ya alfajiri.

Vita hivyohivyo viliwatoa Wabarawa, watu wa mji wa kale wa Barawa kusini mwa Somalia. Wengi walipitia kambi za Mombasa kabla ya kupelekwa Marekani, na wengine wako Atlanta. Lugha yao, Chimini, ni ndugu wa karibu wa Kiswahili. Wapo pia Wabantu wa Somalia, wajukuu wa watumwa waliochukuliwa huku, wakiwemo Wazigua. Kama 12,000 kati yao walipokelewa Marekani kuanzia 2003. Hawa kule wanaandikwa Wasomali tu, na mwenye kutaka kujieleza zaidi inabidi aanze na historia ya Handeni.

Profesa wa Mombasa

Aliyelizungumza sana suala hili la mtu kuwa na asili zaidi ya moja ni Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1933. Alifundisha Makerere, akaondoka enzi za Amin, akaenda Chuo Kikuu cha Michigan na baadaye Binghamton, New York. Mwaka 1986 filamu zake tisa za televisheni ziliwaeleza watazamaji wa Marekani na Uingereza kuwa Afrika ina urithi mara tatu: wa kwake yenyewe, wa Uislamu na wa Magharibi. Zilileta mabishano makubwa Washington, na baadhi ya maofisa walisema zinaichukia Magharibi.

Alifariki Marekani Oktoba 2014, baada ya kuishi kule miaka kama arobaini. Mwili ulirudishwa Mombasa, akazikwa makaburi ya ukoo wake, karibu na Fort Jesus.