Kodi ya Ulaji wa Mafuta Marekani: Kwa Nini Gari la Spoti Hulipa na Pikapu Hailipi

Tangu magari ya toleo la 1980, mnunuzi wa gari jipya la spoti nchini Marekani anaweza kujikuta akibeba kodi ambayo jirani yake mwenye pikapu haijui kabisa. Kodi hiyo hutozwa magari ya abiria yanayokula mafuta kupita kiwango cha sheria. Hutozwa mara moja, gari likiwa jipya. Mtengenezaji au mwagizaji ndiye anayeilipa serikalini, kisha huiingiza kwenye bei, nayo huonyeshwa kwenye karatasi ya bei iliyobandikwa dirishani. Makala hii inatetea msingi wa kodi hiyo na kupinga umbo lake. Serikali ina haki ya kumtoza anayechagua gari linalokula mafuta mengi, lakini kodi hukosa uhalali inapofuata aina ya bodi badala ya mafuta yanayochomwa.

Usuli

Mwaka 1973 nchi za Kiarabu zinazozalisha mafuta ziliisusia Marekani, na foleni zikajaa kwenye vituo vya petroli. Mwaka 1975 Bunge la nchi hiyo lilipitisha viwango vya wastani wa matumizi ya mafuta kwa kila mtengenezaji. Novemba 1978 Rais Jimmy Carter akatia saini Sheria ya Kodi ya Nishati, iliyoleta kodi tunayoijadili. Mwanzoni ilikuwa nyepesi, dola 200 hadi 550, kisha ikakazwa mwaka hadi mwaka. Kufikia 1986 ilimhusu kila mtengenezaji wa gari la abiria lisilofikisha maili 22.5 kwa galoni, yaani linalokula zaidi ya takriban lita 10.5 kwa kilomita 100. Mwaka 1991 viwango viliongezwa maradufu: dola 1,000 kwa gari lililokosa kidogo tu, hadi dola 7,700 kwa lile lisilofikisha maili 12.5. Hapo vimesimama hadi leo.

Pikapu, vani na SUV ziliachwa nje. Mwaka 1978 uamuzi huo ulikuwa na mantiki, kwa kuwa magari hayo yalihesabiwa kuwa vyombo vya kazi vya mkulima, fundi na mjenzi. Leo ndiyo yanayopeleka watoto shule na wazazi ofisini. Yamekuwa zaidi ya nusu ya magari mapya yanayouzwa, na pikapu za Ford za mfululizo wa F zimeongoza kwa mauzo kwa miongo kadhaa. Maisha yamebadilika, msamaha umebaki.

Kasoro tatu

Kasoro ya kwanza ni msamaha wenyewe. Lamborghini Aventador, gari la spoti la milango miwili, lilitozwa kodi hii. Lamborghini Urus, yenye injini ya nguvu za farasi zaidi ya 600, haitozwi, kwa sababu sheria inaitambua kuwa SUV. Kiwanda ni kilekile na wateja ni wa tabaka lilelile. Kilichobadilika ni urefu wa gari kutoka ardhini na idadi ya milango.

Kasoro ya pili ni ngazi. Kodi hupanda kwa vidaraja vya maili moja moja, hivyo mtengenezaji aliye karibu na mpaka hutafuta sehemu ndogo ya maili imvushe. Wachumi James Sallee na Joel Slemrod walionyesha mwaka 2012 jinsi magari yanavyorundikana upande wenye nafuu wa mipaka hiyo. Mfano wa wazi ni Chevrolet Corvette ya gia sita za mkono, iliyotoka 1989. Dereva akiondoka taratibu, injini ikiwa imeshapata joto, kifaa cha umeme hufunga njia ya gia ya pili. Mkono unaovuta gia huishia kwenye ya nne, na taa ndogo huwaka kwenye dashibodi kumjulisha. Kwenye kipimo cha maabara, ujanja huo huokoa mafuta ya kutosha kuathiri kodi. Barabarani, wenye magari wengi hununua kifaa cha bei ndogo na kuuzima. Sheria imepata tarakimu, hewa haijapata kitu.

Kasoro ya tatu ni kuganda. Tangu 1991 bei za bidhaa Marekani zimepanda zaidi ya mara mbili, kwa hiyo dola 7,700 za leo hazifikii nusu ya uzito zilizokuwa nao. Kwa gari la dola 300,000, hiyo ni chini ya asilimia 3 ya bei. Mnunuzi wa namna hiyo hatabadili nia.

Hoja pinzani

Wapo wanaosema kodi ifutwe, kwani magari ya spoti ni machache na mengi hushinda gereji. Atozwe anayechoma, kupitia kodi ya petroli. Hoja hii ina uzito, lakini haikamiliki. Kodi ya petroli ya serikali kuu ni senti 18.4 kwa galoni tangu 1993, nayo ikipandishwa humwumiza kwanza mfanyakazi wa kijijini asiye na basi. Zaidi ya hayo, gari huishi miaka mingi na hupita mikononi mwa watu wengi. Anayelinunua jipya huwaamulia wote watakaolirithi, kwa hiyo siku ya ununuzi ndiyo siku ya kumuuliza. Kodi hizi mbili zinahitajiana.

Kikwazo halisi ni siasa. Mkuki kwa nguruwe mtamu: kumtoza mwenye Ferrari hakumpotezei mbunge kura, kumtoza mwenye pikapu kunampotezea.

Funzo la Ufaransa

Ufaransa ilianza mwaka 2008 kutoza magari mapya kwa gramu za kaboni kwa kilomita, kiwango cha juu kikiwa euro 2,600. Mwaka 2019 iliziingiza pikapu za viti vitano. Mwaka 2022 iliongeza kodi ya uzito, na mwaka 2025 kiwango cha juu cha kodi ya kaboni kilifika euro 70,000. Mfumo huo una kelele zake, lakini unathibitisha kwamba mwanya unaweza kuzibwa na kiwango kinaweza kusogezwa nchi ikiamua.

Hitimisho

Marekani ifanye mambo matatu. Iingize kila gari la matumizi binafsi, na msamaha wa kazi utolewe kwa anayethibitisha kazi. Iache ngazi na itoze kila sehemu ya mafuta yanayoliwa, kwa kuwa maili kwa galoni hupotosha: katika mwendo wa maili 10,000, kutoka maili 12 hadi 14 kwa galoni huokoa galoni 119, ilhali kutoka 30 hadi 40 huokoa 83 tu. Iambatanishe viwango na mfumuko wa bei. Haja hiyo imekuwa kubwa zaidi tangu Julai 2025, sheria mpya ilipozifanya sifuri faini za kukiuka wastani wa 1975. Kodi hii ni kati ya nyenzo chache za bei zilizobaki mikononi mwa serikali kuu. Mwenye gari la spoti hana haki ya kulalamika kwamba anatozwa. Ana haki kamili ya kuuliza kwa nini anatozwa peke yake.