Hakimiliki katika masoko ya mtandaoni: Namna ya kuwasilisha na kushughulikia malalamiko

BABATI, MANYARA – Kitabu cha mwalimu, wimbo wa kwaya, picha ya viboko wa Ziwa Babati au mchoro wa fulana ni kazi ambazo leo zinaweza kumfikia mnunuzi aliye Mtwara au Muscat bila mwenye kazi kutoka Babati. Urahisi huohuo humwezesha mtu mwingine kuinakili kazi hiyo, kuitangaza katika soko la mtandaoni na kupokea malipo yasiyo yake.

Zamani ukaguzi wa kazi za sanaa ulitegemea vitu vinavyoshikika. Stempu za kodi zilizoanza kubandikwa kwenye kanda, CD na DVD za muziki na filamu mwaka 2013 zilimwezesha mkaguzi kutambua nakala halali dukani. Faili linalotumwa kwa simu halina stempu. Kwa sababu hiyo ulinzi wa kazi mtandaoni huanza na lalamiko la mwenye kazi, na lalamiko hilo hufanikiwa au hukwama kutegemea ushahidi uliopo na mahali lilipopelekwa.

Kazi inayolindwa

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, Sura ya 218, inalinda kazi asilia za uandishi, sanaa na sayansi. Miongoni mwake ni vitabu, mihadhara, tamthilia, muziki, filamu, picha za kupiga, michoro, ramani na programu za kompyuta. Ulinzi huanza pale kazi inapobuniwa; hakuna sharti la kuisajili kwanza. Kwa kanuni ya jumla, ulinzi hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, hivyo warithi nao wanaweza kulalamika.

Pamoja na hayo, kuisajili kazi katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA) kuna faida kubwa. Cheti cha usajili humpunguzia mlalamikaji kazi ya kuthibitisha umiliki wake, hasa pale muuzaji naye anapodai kuwa kazi ni yake.

Sheria hailindi wazo tupu wala habari za siku. Aliyebuni wazo la kuuza fulana zenye picha ya Mlima Kwaraa hawezi kumzuia mwingine kuuchora mlima huo kwa mkono wake; anachoweza kuzuia ni kunakiliwa kwa mchoro wake. Sheria pia inaruhusu matumizi fulani bila kibali, kama vile kunukuu kwa kiasi kinachofaa na kutaja chanzo. Kuuza nakala nzima ya kitabu si miongoni mwa matumizi hayo, hata kama jina la mwandishi limeachwa juu ya jalada.

Kutambua aina ya lalamiko

Malalamiko mengi huchelewa kwa sababu yamepelekwa kwenye taasisi isiyohusika. Kabla ya kuandika, mwananchi ajiulize ni haki gani iliyovunjwa:

- Kunakiliwa kwa kitabu, wimbo, filamu, picha au mchoro ni suala la hakimiliki, nalo hushughulikiwa na COSOTA. Kwa upande wa Zanzibar, ofisi inayohusika ni COSOZA.
- Matumizi ya jina au nembo ya biashara iliyosajiliwa ni suala la alama ya biashara. Usajili wake uko chini ya Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA).
- Bidhaa bandia, yaani iliyotengenezwa ili mnunuzi adhani ni ya mzalishaji mwingine, hushughulikiwa na Tume ya Ushindani (FCC).
- Picha au taarifa za mtu zilizotumika bila ridhaa yake huangukia katika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Tofauti hizi ni muhimu kwa wapiga picha na wateja wao. Hakimiliki ya picha ya bibi harusi na heshima ya bibi harusi mwenyewe ni mambo mawili. Mpiga picha anaweza kulalamikia kunakiliwa kwa kazi yake. Bibi harusi anaweza kulalamikia sura yake kutumika kutangaza vipodozi. Kila mmoja ana njia yake.

Ushahidi kabla ya lalamiko

Muuzaji anayepata fununu kuwa analalamikiwa anaweza kufuta tangazo kwa dakika moja. Mwenye kazi anashauriwa kukusanya ushahidi kabla ya kumpigia simu au kumwandikia. Ushahidi huo ni pamoja na:

1. Picha ya skrini inayoonyesha tangazo lote, jina la akaunti, bei, tarehe na saa.
2. Kiungo kamili cha ukurasa, kinachonakiliwa kama kilivyo.
3. Nakala moja iliyonunuliwa kwa muuzaji, pamoja na ujumbe wa muamala wa simu unaoonyesha kiasi kilicholipwa.
4. Faili halisi la kazi, rasimu, mkataba na mchapaji au studio, na cheti cha COSOTA kama kipo.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inazitambua kumbukumbu za kielektroniki kuwa ushahidi. Mahakama huangalia namna kumbukumbu ilivyotunzwa na kama inaaminika. Ni vyema simu au kompyuta yenye ushahidi isifutwe wala kugawiwa mtu mwingine hadi shauri liishe.

Taarifa kwa mwenye soko

Hatua ya kwanza kwa kawaida ni kumjulisha anayeendesha soko la mtandaoni. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 haimlazimu mtoa huduma kukagua kila kinachowekwa na watumiaji wake. Kwa sababu hiyo, mwenye kazi akikaa kimya, tangazo linaweza kubaki hewani kwa miaka bila mwenye soko kuvunja wajibu wowote.

Kifungu cha 45 cha sheria hiyo kinaruhusu mtu kumpelekea mtoa huduma taarifa ya kuondoa maudhui yanayovunja haki yake au ya mwingine. Taarifa huwa ya maandishi. Inapaswa kubeba jina kamili na anwani ya mlalamikaji, saini yake, simu na mawasiliano yake ya kielektroniki, haki iliyovunjwa, maudhui yanayolalamikiwa, hatua inayoombwa, na tamko kwamba anatenda kwa nia njema.

Sentensi kama “kuna mtu anauza kitabu changu kwenye soko lenu” haimsaidii anayepokea lalamiko, kwa kuwa soko moja linaweza kuwa na maelfu ya matangazo. Taarifa iliyokamilika husema: kitabu kinaitwa hivi, kilitolewa mwaka huu, mwandishi ni fulani, nakala isiyo halali iko katika kiungo hiki, na kinachoombwa ni tangazo liondolewe.

Taarifa ya uongo nayo ina madhara. Anayepeleka lalamiko huku akijua kuwa linapotosha ukweli anaweza kuwajibishwa kwa hasara aliyoisababisha. Lalamiko la hakimiliki si njia ya kumwondoa sokoni mshindani anayeuza kwa bei nafuu, wala si njia ya kumzuia mtu kuuza tena kitabu halali alichokinunua dukani na kukisoma.

Masoko yenye makao nje ya nchi

Wafanyabiashara wengi wa Tanzania hutumia mitandao ya kijamii na masoko ambayo kampuni zake ziko Marekani. Kampuni hizo hufuata utaratibu wa sheria ya nchi hiyo ya mwaka 1998 kuhusu hakimiliki za kidijitali, na huweka fomu maalumu ya malalamiko katika kurasa zao za msaada. Mwandishi wa Babati anaweza kuijaza fomu hiyo bila wakili na bila kuwa na ofisi Marekani.

Utaratibu huo unampa pia muuzaji nafasi ya kupeleka taarifa ya kupinga. Akifanya hivyo, mwenye soko hurejesha tangazo katika siku za kazi kati ya 10 na 14, isipokuwa mlalamikaji aonyeshe kuwa amefungua shauri mahakamani. Mlalamikaji anapaswa kufuatilia barua pepe yake katika kipindi hicho. Wapo wanaoshinda hatua ya kwanza na kupoteza ya pili kwa kutosoma ujumbe.

Kazi za Watanzania zinalindwa nje ya nchi kwa sababu Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Berne tangu mwaka 1994. Nchi wanachama huzilinda kazi za wenzao kama zinavyozilinda za raia wao.

Haki ya anayelalamikiwa

Kuondolewa kwa tangazo si hukumu. Muuzaji aliyelalamikiwa ana haki ya kujua kosa analodaiwa kufanya na kuonyesha uthibitisho wake: leseni, mkataba, risiti ya ununuzi wa jumla kutoka kwa mchapaji, au ushahidi kwamba kazi ni yake.

Wapo wanaouza bila kujua. Kijana aliyenunua mkusanyiko wa vitabu vya kidijitali kwa shilingi elfu chache na kuuza kimoja kimoja huenda aliamini kuwa amenunua na haki ya kuuza. Kununua nakala hakumpi mtu haki ya kuizalisha. Anapofahamishwa, hatua ya busara ni kuacha kuuza mara moja, kutunza kumbukumbu za mauzo na kuwasiliana na mwenye kazi. Kuendelea kuuza baada ya taarifa humwondolea utetezi wa kutokujua.

Wasimamizi wa makundi ya mauzo katika simu wanashauriwa kuweka kanuni fupi inayokataza nakala zisizo halali, na kuondoa tangazo linapolalamikiwa kwa uthibitisho.

Usuluhishi, polisi na mahakama

Tangazo linapoondolewa, fedha zilizokwisha kukusanywa hubaki kwa muuzaji. Anayetaka fidia huendelea na hatua nyingine. COSOTA hupokea malalamiko na kuwakutanisha wahusika kwa usuluhishi, njia ambayo mara nyingi ni ya haraka na ya gharama ndogo. Kwa mkazi wa Babati, Afisa Utamaduni wa Halmashauri ya Mji au ya Wilaya ni mtu wa kwanza wa kumwona kwa maelekezo.

Usuluhishi ukishindikana, mwenye kazi anaweza kufungua shauri la madai kuiomba mahakama izuie ukiukaji na iamuru alipwe fidia, ikiwamo faida aliyoipata mkiukaji kutokana na kazi hiyo. Hapo ndipo ujumbe wa miamala na idadi ya nakala zilizouzwa huwa na thamani.

Ukiukaji kwa makusudi ni pia kosa la jinai. Mlalamikaji anaweza kuripoti kituo cha polisi kilicho karibu na kupewa namba ya taarifa, maarufu kama RB. Kifungu cha 24 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao kinaweka adhabu kwa anayetumia mfumo wa kompyuta kwa nia ya kuvunja haki za ubunifu. Kosa likiwa la kibiashara, faini haipungui shilingi milioni 20 au kifungo hakipungui miaka mitano, au vyote viwili. Lisipokuwa la kibiashara, faini haipungui shilingi milioni tano au kifungo hakipungui miaka mitatu, au vyote viwili.

Sanaa za asili za jamii

Manyara ni mkoa wenye urithi mkubwa wa Wairaqw, Wagorowa, Wabarbaig, Wambugwe na jamii nyingine. Mapambo ya shanga, ngoma na hadithi zao hazina mtunzi mmoja anayejulikana, hivyo mtu binafsi hawezi kudai kuzimiliki. Sheria ya mwaka 1999 inazilinda kama sanaa za jadi: kuzitumia kwa faida ya kifedha nje ya mazingira yake ya asili kunahitaji kibali cha Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA).

Hata hivyo, picha iliyopigwa na mtu, rekodi iliyofanywa na studio au mchoro mpya uliobuniwa kutokana na mapambo hayo una mwenyewe. Fundi wa shanga anayeuza mtandaoni anaweza kukataza mwingine kutumia picha alizopiga yeye kutangaza bidhaa, ingawa hawezi kukataza jamii yake kuendelea kushona kwa mtindo wa mababu.

Kabla kazi haijaingia sokoni

Gharama ya kulinda kazi ni ndogo kuliko gharama ya kuifuatilia ikishaibwa. Wabunifu wanahimizwa kusajili kazi zao COSOTA, kutunza mafaili halisi yenye tarehe, kuandika mikataba na studio, wachapaji na wasambazaji, na kuweka jina na mawasiliano ndani ya kazi yenyewe. Wanunuzi nao wanahimizwa kuuliza kazi inatoka kwa nani kabla ya kulipa. Bei ndogo ya nakala isiyo halali haimfikii mwalimu aliyeandika kitabu wala kwaya iliyolipia studio, na kazi isiyomrudishia mtunzi wake gharama huenda isifuatwe na nyingine.