Kutoka Kasi ya Kisu hadi Ratiba ya Chumba cha Upasuaji

Kabla ya mwaka 1846, muda wa upasuaji ulitegemea mkono wa daktari. Mgonjwa alikuwa macho, ameshikiliwa na wasaidizi, na kila dakika ilimwongezea maumivu. Ndiyo maana Robert Liston wa London alisifika kwa kukata mguu kwa muda usiofika dakika 3. Tarehe 16 Oktoba 1846, katika hospitali ya Massachusetts General mjini Boston, William Morton alimvutisha mgonjwa etha ili asihisi maumivu, mbele ya madaktari, na Desemba hiyohiyo Liston naye akaitumia. Mwaka 1867 Joseph Lister alichapisha matokeo ya kuzuia vidonda kuoza kwa asidi ya kaboliki. Tangu hapo operesheni ndefu zikawezekana, wagonjwa wakaongezeka, na vyumba vya kuwapasulia vikawa haba.

Mmoja wa waliotafuta kuokoa muda vyumbani humo alikuwa Frank Gilbreth, Mmarekani aliyeanzia kwenye uashi. Alikuwa amechunguza miondoko ya waashi na kuondoa isiyo ya lazima. Katika miaka ya 1910 aliwapiga madaktari picha za sinema wakiwa kazini, akaona muda mwingi ukipotea katika kutafuta vifaa. Alipendekeza vifaa vipangwe kwa utaratibu mmoja, na msaidizi amkabidhi daktari kila anachokitaja.

Kikwazo kingine kilikuwa vitanda. Mwaka 1909 James Nicoll wa Glasgow alitoa taarifa ya operesheni 8,988 za watoto waliorudi nyumbani bila kulazwa. Wazo hilo lilichelewa kuenea. Mwaka 1970 Wallace Reed na John Ford walifungua Surgicenter mjini Phoenix, Arizona, kituo cha wagonjwa wa kupasuliwa na kuondoka siku hiyohiyo.

Katika hospitali kubwa, ratiba ilifuata njia mbili. Ya kwanza ni kumpa nafasi anayeiomba mapema. Ya pili ni kuigawia kila idara siku au nusu siku yake. Njia ya pili humwezesha daktari kupanga kazi zake, lakini chumba hukaa bure idara isipokuwa na wagonjwa wa kutosha. Zote mbili huyumbishwa na mgonjwa wa kwanza anayechelewa kuingizwa, usafi kati ya operesheni, makadirio mabaya ya muda, na zaidi ya yote, dharura.

Suala la dharura lilipatiwa jibu lisilotarajiwa mjini Springfield, Missouri, mwaka 2002. Hospitali moja yenye vyumba vilivyojaa daima ilifuata ushauri wa kuacha chumba kimoja wazi kwa dharura tu. Wagonjwa waliopangiwa siku waliosukumwa hadi usiku walipungua, na idadi ya operesheni ikaongezeka. Ilibainika kwamba dharura hutabirika kwa wingi wake, hata kama saa ya kila moja haijulikani.

Hatua iliyofuata iligusa usalama. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi inayosimamisha kazi mara tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kukata, na kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani. Ilijaribiwa katika hospitali za miji minane, ukiwamo Ifakara nchini Tanzania. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Tangu hapo ufanisi wa chumba cha upasuaji haupimwi kwa idadi ya operesheni pekee. Hali ya mgonjwa anapotoka nayo huhesabiwa.