Bodi ya Arduino Uno: namna ya kuandaa kompyuta ili kuiandikia programu

Arduino Uno ni bodi ndogo ya kielektroniki inayobeba maikrokontrola, yaani chipu iliyounganisha kichakataji, kumbukumbu na njia za kupokea na kutoa mawimbi ya umeme. Bodi za Arduino zilianza mwaka 2005 mjini Ivrea, Italia, katika taasisi ya usanifu alikofundisha Massimo Banzi. Msingi wake ulikuwa Wiring, mradi wa shahada ya uzamili wa Hernando Barragán kutoka Colombia.

Kwa kuwa michoro yake ni huria, viwanda vingi hutengeneza nakala za bei nafuu. Nyingi kati ya hizo hutumia chipu ya CH340 kuwasiliana na kompyuta, na baadhi ya kompyuta haziitambui mpaka ziwekewe draiva yake.

Programu ya kuandalia kazi, Arduino IDE, hupatikana bila malipo kwa Windows, macOS na Linux. Toleo la 2 huhitaji intaneti linapofunguliwa mara ya kwanza, ili lipakue faili za Uno. Baada ya hapo, kuandika na kupakia programu hakuhitaji mtandao.

Bodi ikishaunganishwa kwa kebo ya USB, mtumiaji huchagua aina ya bodi, kisha poti yake. Jaribio la kawaida ni mfano uitwao Blink, unaowasha taa ndogo ya bodi kwa sekunde moja na kuizima kwa sekunde moja. Bodi nyingi hutoka kiwandani zikiwa nao tayari. Hivyo ni vyema kubadili 1000 kuwa 200. Taa ikiharakisha, upakiaji umefaulu.

Poti isipoonekana, kebo ichunguzwe kwanza, kwani nyingine ni za kuchajia tu na hazipitishi data. Kwenye Linux, huenda mtumiaji akahitaji kuongezwa katika kundi la dialout.

Pini za Uno hutoa volti 5 na mkondo mdogo. Mota au pampu isiunganishwe nazo moja kwa moja, maana chipu huweza kuungua.

Programu iliyopakiwa haifutiki umeme unapokatika. Bodi huweza kutolewa kwenye kompyuta ikaendelea kufanya kazi kwa betri. Hivyo kompyuta moja ya shule huweza kuhudumia bodi za darasa zima.